Beda, tarikhi ya 754, Saint-Bertin au al-Masudi: uanze na nani kusoma wageni walivyoandikwa mwanzoni mwa Zama za Kati?

Ukitaka kuandika insha, kufundisha semina, au kusoma tu kwa raha zako kuhusu namna waandishi wa tarikhi wa mwanzo wa Zama za Kati walivyowachora wageni, hutakwama kwa uhaba wa maandiko. Utakwama kwa wingi wake, na kila mjuzi utakayemwuliza atakutajia kipenzi chake.

Hapa tunaweka manne kwenye mizani. La kwanza ni historia ya kanisa la Waangli, mababu wa Waingereza, aliyoimaliza mtawa Beda mwaka 731. La pili ni tarikhi ya Kilatini iliyoandikwa Hispania chini ya utawala wa Waislamu, haina jina la mwandishi, na huitwa tu tarikhi ya 754 kwa kuwa ndipo inapoishia. La tatu ni kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za Wafranka, waliotawala Ufaransa ya leo, zinazoitwa za Saint-Bertin, 830 hadi 882. La nne ni al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad aliyefariki Misri mwaka 956, baada ya kusafiri hadi pwani hii ya Afrika Mashariki, aliyoiita ya Zanj. Ibn Fadlan tumemwacha kwa makusudi. Taarifa yake ya safari ya 921 hadi 922 ni tamu kuliko zote nne, lakini ni ripoti ya mjumbe, si tarikhi.

Vipimo tulivyotumia

Kwanza, anamwita nani mgeni, na kwa jina gani. Pili, alikaa umbali gani na anayemwandika: aliona kwa macho, aliuliza waliofika, au alinakili kitabu. Tatu, rula yake, maana kila mwandishi huwapima watu kwa jambo moja analolijali kuliko yote, na ukilijua hilo hukumu zake nyingi hufunguka zenyewe. Nne, kama mgeni ana jina na neno la kusema, au ni kundi tu linalopita likichoma. Tano, ugumu wa kazi: hesabu ya miaka, tafsiri, na mahali wasomaji wanapoteleza.

Kosa la kawaida kabisa ni kuhesabu matusi. Msomaji hupita na kalamu akipigia mstari kila "mpagani" na kila "mshenzi", kisha hutoa hukumu kwa idadi. Njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu katika maandiko haya matatu ya Kilatini maneno makali zaidi mara nyingi hayamwangukii mgeni wa mbali. Humwangukia aliye karibu, aliyetakiwa kuwa mwenzetu na hakuwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na waandishi hawa walilijua hilo vizuri.

Beda

*Wageni wake.* Anaanza kwa kuorodhesha lugha tano za kisiwa cha Britania: ya Waangli, ya Wabritoni waliokuwako kisiwani kabla yao, ya Waayalandi, ya Wapikti, na Kilatini kinachowaunganisha wote kwa njia ya Maandiko. Ukiisoma orodha hiyo utadhani mwandishi ana upole kwa kila mtu. Subiri kidogo.

*Umbali.* Aliingia monasteri akiwa na umri wa miaka saba na maisha yake karibu yote yalikuwa Jarrow, kaskazini mwa Uingereza ya leo, hadi alipofariki mwaka 735. Habari zilimfikia kwa barua na kwa watu. Albinus wa Canterbury alimsaidia sana, na Nothelm alimletea nakala za barua za mapapa kutoka Roma. Kuhusu Wabritoni wa magharibi alitegemea sana maneno ya Gildas, Mbritoni aliyewalaumu watu wake mwenyewe karne ya 6. Lawama ya ndani ya nyumba ikawa hoja ya jirani.

*Rula yake.* Beda hapimi watu kwa ubatizo peke yake. Anauliza kama wako katika umoja wa kanisa, na alama ya umoja huo ni hesabu ya tarehe ya Pasaka. Anawahesabia Wabritoni kosa moja juu ya mengine yote: hawakuwahubiria Waangli neno la Mungu. Tazama anavyosimulia vita vya Chester (kitabu cha 2, sura ya 2). Mfalme Æthelfrith, mpagani, anawaona watawa wa Bangor wamekuja kuliombea jeshi la Wabritoni. Anasema wanaoomba dhidi yangu wanapigana nami hata kama hawana silaha, na anaamuru waanze kuuawa wao. Beda anasema inasimuliwa kuwa walikufa watawa wapatao 1,200 na wakaokoka 50 tu. Kisha Mkristo huyu mpole analiita jeshi la Wakristo waliouawa kwa neno la Kilatini *nefanda*, yaani la kulaaniwa, lisilotajika. Mpagani aliyewaua haambiwi neno.

Cadwallon, mfalme Mbritoni aliyeshirikiana na Penda, mfalme mpagani, kumuua Edwin, mfalme wa Waangli wa kaskazini, mwaka 633, anaandikwa vibaya kuliko Penda. Ni Mkristo kwa jina, lakini *barbarus* kwa moyo na mwenendo, asiyewahurumia wanawake wala watoto. Penda mwenyewe baadaye anapewa sifa ndogo: hakuzuia mahubiri katika nchi yake, na aliwadharau wale tu waliobatizwa wasiishi kwa imani yao.

Kwa Waayalandi kalamu inalainika. Mtawa Aidan alipofika kutoka monasteri ya Waayalandi ya Iona mwaka 635 hakukijua Kiingereza sawasawa, kwa hiyo mfalme Oswald, aliyejifunza lugha ya Waayalandi uhamishoni, ndiye aliyemtafsiria mbele ya wakuu wake. Mfalme kuwa mkalimani wa mgeni! Beda anampenda Aidan waziwazi, lakini anaweka pembeni kwamba Pasaka yake hakuisifu. Na mfalme Ecgfrith alipotuma jeshi Ayalandi mwaka 684, Beda anawalaumu watu wake mwenyewe kwa kulishambulia taifa lisilo na hatia.

*Mgeni ana jina?* Ndiyo, mara nyingi. Hata asiye na jina anapata nafasi: mfanyabiashara Mfrisia anamnunua London mateka aitwaye Imma, anashindwa kumfunga minyororo, na mwishoni anamwachia atafute fidia yake. Hakuna lawama yoyote juu ya Mfrisia huyo.

*Ugumu.* Mdogo kuliko wengine wote. Vitabu vitano, tafsiri nyingi nzuri, miaka inayohesabiwa tangu kuzaliwa kwa Kristo kama tunavyohesabu sisi. Mtego mmoja: namba za sura za kitabu cha 4 hutofautiana kati ya matoleo. Habari ya Ayalandi huitwa sura ya 26 au ya 24, na ya Imma ya 22 au ya 20. Ukinukuu, taja zote mbili.

*Humfaa* anayeanza, na anayetaka kuona upendeleo ulivyofumwa kwa ustadi hadi hauonekani. Hamfai anayetafuta wageni wa mbali. Wasaraseni, jina la Kilatini kwa watu wa majeshi yaliyotoka Uarabuni, wanatokea kidogo mno, mwaka 729, kama tauni iliyoipiga Galia na kuadhibiwa.

Tarikhi ya 754

*Wageni wake.* Hapa mambo yamegeuka: mgeni ndiye mtawala. Mwandishi ni Mkristo, pengine padri, anayeishi chini ya magavana wa Kiislamu, na watu wanaotoka nje ya upeo wake ni Wafranka walio upande wa pili wa milima ya Pirenei. Anawatenganisha Waarabu, Wasaraseni na Wamuri, na Wamuri kwake ndio Waberberi. Wasomaji wengi huyachanganya majina hayo, na wakishayachanganya ugomvi wa Waberberi na Waarabu ndani ya tarikhi hupotea kabisa.

*Umbali.* Karibu mno. Wanazuoni hubishana kama alikaa Toledo, Kordoba au kwingineko, lakini anajua kodi, majina ya magavana na nani alimwondoa nani.

*Rula yake.* Utawala wa haki. Hauelezi Uislamu kama dini. Muhammad anatajwa kama kiongozi wa Wasaraseni, basi. Magavana anawapima mmoja mmoja: huyu mkali wa kodi, yule mwenye haki. Kuhusu uvamizi wa Waislamu wa 711 analia kweli, akisema hata kama viungo vyote vingegeuka kuwa ndimi visingemaliza kusimulia maangamizi ya Hispania, na anaitaja Troya, Yerusalemu, Babeli na Roma. Lakini tazama anapomfikia Sindered, askofu mkuu wa Toledo aliyekimbilia Roma: si mchungaji, ni mtu wa kuajiriwa. Maneno hayo ya Injili hakumpa gavana yeyote.

*Mgeni ana jina?* Ana jina na ana maisha mazima. Munnuza, kamanda Mberberi, anasikia watu wake wanaonewa Afrika, anafanya amani na Wafranka na kumwoa binti wa Eudo, mtawala wa Akwitania. Anafuatwa milimani, na anajitupa gengeni asikamatwe. Mwandishi anaongeza kwamba ndiye aliyemchoma moto askofu Anambadus. Huruma na hukumu zinakaa pamoja katika aya moja, na sijui ukurasa mwingine wa karne hiyo unaofanya hivyo vizuri namna hii.

Mapigano ya 732 kati ya Wafranka na jeshi la gavana wa Hispania ndipo tarikhi hii inapojulikana zaidi. Watu wa kaskazini wanasimama kama ukuta, wameganda pamoja kama ukanda wa barafu, na asubuhi *Europenses*, watu wa Ulaya, wanaona mahema ya adui bila kujua kwamba yako matupu. Wengi hulichukua neno hilo moja na kulijengea nadharia nzima ya "Ulaya dhidi ya Uislamu". Soma aya yote. Mwandishi yuko kusini, na hao watu wa Ulaya kwake pia ni wengine.

*Ugumu.* Mkubwa. Kilatini chake kimepinda, na miaka inahesabiwa kwa namna kadhaa kwa pamoja: zama za Hispania, miaka ya wafalme wa Konstantinopoli, Hijra, na miaka ya makhalifa. Kwa zama za Hispania ondoa 38, hivyo mwaka 749 wa zama hizo ni 711. Hesabu hizo wakati mwingine hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Usilazimishe zikubaliane. Andika ulichokikuta.

*Humfaa* mwenye kuuliza watu huandikaje wakiwa chini ya mgeni, na mwenye subira.

Kumbukumbu za Saint-Bertin

*Wageni wake.* Watu wa kaskazini, *Nortmanni*, wanaoitwa pia Wadeni au maharamia. Usiwaite Wanormani. Hao wa mwaka 1066 ni wajukuu waliokwisha kuwa na duchi na kusema Kifaransa.

*Umbali.* Ikulu. Prudentius, askofu wa Troyes, aliandika hadi kifo chake mwaka 861, kisha Hincmar, askofu mkuu wa Reims, akaendelea hadi 882. Sasa hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Prudentius mwenyewe alikuwa mgeni. Jina lake la kuzaliwa ni Galindo, na Hincmar anapoandika kifo chake anataja kwamba alikuwa mzaliwa wa Hispania, msomi sana, kisha anamshutumu kwa maandishi yanayopinga imani. Maelfu ya maneno kuhusu wageni yameandikwa na mtu ambaye mrithi wake alimkumbuka kwa asili yake ya nje.

*Rula yake.* Uaminifu kwa mfalme, na fedha. Mwaka 845 mfalme wa Wafranka Charles Mwenye Upara anawalipa watu wa kaskazini waliopanda mto Seine kwa merikebu 120, na kiasi kinaandikwa: ratili 7,000. Miaka ya 860 na 861 mfalme huyohuyo anamkodi Weland, kiongozi wa Wadeni, awapige Wadeni wenzake. Bei inapanda kutoka ratili 3,000 za fedha hadi 5,000, na waliozingirwa nao wanamlipa Weland 6,000 awaachie. Mwaka 862 Weland anabatizwa. Mwaka 863 anauawa katika pambano la ana kwa ana na mmoja wa watu wake aliyemshtaki. Adui, mkandarasi, mbatizwa, maiti, ndani ya miaka minne, na sauti haibadiliki, ingawa mwandishi alibadilika katikati.

Ukitaka sentensi moja ya kufundishia, chukua mwaka 859. Watu wa kawaida kati ya Seine na Loire wanaapa pamoja kupigana na Wadeni, na wanapigana kwa ushujaa. Lakini kiapo chao kilifanywa bila tahadhari, kwa hiyo wanauawa kirahisi na *potentioribus nostris*, wakubwa wetu. Neno "wetu" limekaa hapo likiwahusu wauaji wa wakulima, si wakulima. Mwombe mwanafunzi aeleze mgeni ni nani katika sentensi hiyo, kisha kaa kimya.

*Mgeni ana jina?* Viongozi, ndiyo. Sauti, mara chache. Mei 839 wanafika Ingelheim wajumbe wa mfalme Theophilos wa Konstantinopoli pamoja na watu wanaojiita *Rhos*, ambao mfalme wao huitwa *chacanus*. Theophilos anaomba wapitishwe salama kwa sababu njia waliyojia imejaa makabila makali. Louis Mcha Mungu, mfalme wa Wafranka, anachunguza, anagundua kuwa ni Wasweo, yaani watu wa Uswidi ya leo, na anawazuia akishuku ni wapelelezi. Wamejieleza, hawakuaminiwa, na hatujui walifika kwao au la.

*Ugumu.* Wa kati. Ingizo ni fupi na unaweza kusoma miaka unayoitaka tu. Mtego ni kusahau kubadili mwandishi mwaka 861 na kusema "tarikhi inaamini" wakati anayeamini ni Hincmar, mwanasiasa mkubwa wa wakati wake. Mtego wa pili ni kuzichukua idadi za merikebu kama hesabu ya bandarini.

*Humfaa* mwalimu mwenye kipindi kimoja, na anayefuatilia siasa kuliko imani.

Al-Masudi

*Wageni wake.* Dunia nzima. Wahindi, Wachina, Wafranka, Waslavi, Wazanj. Hao wa mwisho ni watu wa pwani hii.

*Umbali.* Hutofautiana kwa kila taifa, na hapo ndipo pa kuwa macho. Bahari ya Zanj aliisafiri mwenyewe, na anasema safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Qanbalu, ambayo wengi huiweka Pemba, anasema ilikuwa na Waislamu na Wazanj wasio Waislamu. Wafranka aliwajua kwa kitabu: mwaka 336 wa Hijra aliona Fustat, Misri, orodha ya wafalme wao iliyotungwa na Godmar, askofu wa Girona, kwa ajili ya al-Hakam wa Kordoba. Mtu huyohuyo basi ana aya za shahidi na aya za maktaba, na mara nyingi zinapingana.

*Rula yake.* Hali ya hewa. Watu wa kaskazini, jua likiwa mbali nao, ni wakubwa wa mwili, wazito wa ulimi na wa fahamu, na kadiri unavyozidi kwenda kaskazini ndivyo wanavyozidi ujinga. Watu wa kusini kabisa anawapa kasoro za joto, akimnukuu Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, na sifa zake kumi za dharau juu ya watu weusi. Katikati, kwenye usawa, ipo Iraki. Bahati iliyoje, ndiko kwao.

Ukifika sura ya Wazanj wenyewe, nadharia hiyo inafifia. Anaeleza chakula chao, mtama na ndizi, ng'ombe wanaotumika vitani badala ya farasi, pembe za ndovu zinazokwenda Oman na kisha India na China hadi zikawa haba nchi za Kiislamu. Anasema wana wasemaji hodari wanaosimama na kuwahimiza watu kumtii Mungu na kuwakumbusha wafalme waliopita. Mfalme akidhulumu, humuua na kuwanyima uzao wake ufalme. Aliyenakili dharau ya Galen ndiye aliyeandika hayo.

*Mgeni ana jina?* Ana cheo, na kwa msomaji wa Kiswahili cheo hicho kina ladha yake. Mfalme wa Wazanj anaitwa *waflimi* katika usomaji mmoja na *waqlimi* katika mwingine. Kwa hati ya Kiarabu tofauti ya *fa* na *qaf* katikati ya neno ni nukta moja au mbili juu ya herufi, na wanakili walichanganya. Msomaji wa Baghdad asingekuwa na namna ya kuamua. Wewe unayesema "wafalme" unaona mara moja kwa nini wengi wameshikilia *fa*. Tafsiri anayoitoa, "mwana wa Bwana Mkubwa", ni suala jingine. Usiisadiki kwa sababu tu neno limetambulika.

*Ugumu.* Ni urefu. Toleo la karne ya 19 la kitabu chake kikuu, *Muruj al-dhahab*, lenye Kiarabu na Kifaransa lina majuzuu tisa, na tafsiri fupi inayopatikana kirahisi inahusu makhalifa wa Abbasi pekee, haina Wazanj. Tafuta sura yao katika mikusanyo ya nyaraka za pwani ya Afrika Mashariki, lakini ukisoma kipande hicho tu utamwona mpole kuliko alivyo. Kugeuza Hijra kwa haraka, zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622.

*Humfaa* mwenye Kiarabu, mwenye hamu ya Bahari ya Hindi, na anayetaka kulinganisha mtazamo wa mwandishi mmoja kwa mataifa mengi.

Kwa hali yako

Una mwisho wa juma mmoja: Beda, kitabu cha 1 sura ya 1 na ya 22, cha 2 sura ya 2 na ya 20, cha 3 sura ya 3, na ile ya Ayalandi katika kitabu cha 4. Inatosha kwa insha fupi.

Una darasa la dakika 90: Saint-Bertin, miaka 839, 845, 859, na 860 hadi 863. Gawa nakala bila kueleza mwandishi alitoka wapi, na habari ya Galindo itoe mwishoni.

Unaandika tasnifu kuhusu Waislamu na Wakristo: tarikhi ya 754, ukiwa na jedwali lako la miaka kabla ya kunukuu lolote. Kama hujui Kilatini, linganisha tafsiri mbili kwenye majina ya makundi. Mfasiri akiandika "Waislamu" mahali penye *Saraceni*, amekuingizia dini ambayo mwandishi hakuitaja.

Unaandika kuhusu pwani: al-Masudi, ila soma pamoja na sura ya Wazanj aya zake kuhusu watu wa kaskazini, ujue anavyowagawia wote kasoro.

Unaweza kuchukua mawili: Beda na Saint-Bertin wanalingana kwa lugha na kwa kuwa waandishi ni watu wa kanisa, na tofauti zao zinaonekana haraka. Tarikhi ya 754 na al-Masudi ni jozi ngumu zaidi lakini yenye mavuno, kwa kuwa Hispania ya mmoja ndiyo iliyompelekea mwingine, karibu karne mbili baadaye, orodha ya wafalme wa Wafranka.